Mpira wa mafuta wa mashine ya boti: uzoefu wangu baada ya miezi saba, Ntoroko

Nina boti ya mbao ya futi 32 hapa Ntoroko, upande wa Uganda wa Ziwa Albert, na nyuma yake kuna Yamaha Enduro ya farasi 40, mipigo miwili. Inapeleka unga, saruji, sabuni na abiria ng'ambo, Kasenyi na Tchomia kule Congo, na kurudi na vitenge na samaki wakavu. Nahodha ni mtoto wa kaka yangu. Mimi ndiye mwenye pesa, kwa hiyo ndiye mwenye kulaumiwa.

Ninachotaka kueleza ni mpira wa mafuta wa asili, yaani wa kampuni yenyewe na si wa kuiga, ule unaotoka tenkini hadi kwenye mashine na kile kipira cha kuminya katikati, pamoja na chujio la kutenganisha maji nililolifunga siku hiyo hiyo. Ila kabla sijavifikia nilinunua karibu kila kitu kingine, na bila kusimulia hilo hamtaelewa kwa nini navisifu.

Boti ikiwa tupu, mashine iliruka kama mbuzi aliyekatika kamba. Tukipakia mifuko na watu, ilitoka mwaloni vizuri, ikashika mwendo, halafu baada ya dakika nne au tano mlio ukaanza kushuka. Haikukohoa wala haikuzima. Ilichoka tu, kama mtu anayepanda mlima na gunia kichwani. Nahodha akirudisha mafuta nusu, ilipumua, na baada ya dakika moja aliweza kufungua tena. Dakika nne nyingine, yale yale.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote mbili. Mwendo ulibaki ule ule. Wa pili aliifungua kabureta, akaisafisha, akanionyesha uchafu mweusi kwenye kitambaa kwa fahari kubwa, nikalipa. Bado. Wa tatu alikuwa na hamu ya kufungua kichwa aweke pistoni na ringi mpya, nikamwambia apime kwanza mgandamizo. Silinda zote mbili zilisoma karibu sawa, kwa hiyo pistoni na ringi hazikuwa na kosa. Hapo niliokoa zaidi ya shilingi laki nne za Uganda.

Wa nne alitoka Kampala kwa shughuli zake, akatazama propela na kusema tatizo ni mwinuko, ninunue yenye mapanga yasiyolala sana. Si neno la kubuni: hewa ikipungua mashine hupoteza nguvu, kama asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda, na propela nzito kuizungusha huizidi. Lakini Ziwa Victoria, anakofanyia kazi yeye, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na letu liko kama mita 619 tu. Ikiwa kwake zinavuta, hapa zingepaswa kuvuta zaidi. Isitoshe, propela isiyofaa huonekana tangu mwanzo. Haingoji dakika tano ndipo ikumbuke kwamba haifai. Na ingekuwa bushi yake ya ndani, ule mpira unaoishikilia propela kwenye shafti, inateleza, mlio ungepanda huku boti haiongezi mwendo. Wetu ulikuwa unashuka.

Siku iliyonitia adabu nilikuwemo mwenyewe. Saa tisa mchana, upepo umeshaanza, abiria 11 na mifuko ya unga chini ya turubai. Katikati ya ziwa mlio ukashuka, boti ikakosa mwendo wa kukata mawimbi na kuanza kugeuka ubavu. Wimbi la kwanza lilitulowesha. La pili liliingia. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alimfunga mtoto mgongoni upya, akakaza kanga mara mbili, bila kusema neno. Tulifika Tchomia kwa mwendo wa nusu mafuta, na asubuhi yake nikapelekwa kwa fundi mzee wa kule.

Alikataa kuigusa mwaloni. "Mama, hii moteri hapa haitasema kitu," aliniambia. "Tubebe mizigo, twende nayo ndani." Hao mafundi wangu wanne wote waliisikiliza ikiwa kwenye kina cha magoti au ndani ya pipa la maji, mahali ambapo haifanyi kazi yoyote. Yeye aliomba mifuko ibaki ndani, akakaa karibu na tenki, akamwambia mpwa wangu afungue mafuta yote na asirudishe hata ikichoka.

Ilipoanza kuchoka, mzee hakutazama mashine. Alitazama kile kipira. Kilikuwa kimenywea, bapa, kimefyonzwa kama chungwa lililomalizwa na mtoto. Akakilegeza kifuniko cha tenki, kwa sababu kiparafujo cha hewa kikifungwa au kuziba, tenki hushindwa kuvuta hewa na mafuta hayatoki. Hakukuwa na badiliko. Akakiminya kile kipira kwa mkono, polepole, na mlio ukapanda kidogo. Akaacha, ukashuka. Akaminya tena, ukapanda.

"Umeona? Haina ugonjwa. Iko na njaa."

Akanieleza, na nimelihakikisha baadaye. Kipira kikifyonzwa hadi kunywea, kizuizi kiko nyuma yake, upande wa tenki. Kikiwa kigumu kama jiwe na mashine bado ina njaa, tafuta mbele: chujio la mashine, pampu, kabureta. Kikiwa laini na hakijai hata ukiminya sana, pengine kuna mahali panapoingiza hewa, au vali zake zimekufa. Tuliazima tenki na mpira wa boti ya jirani, tukafunga, tukatoka na mzigo ule ule. Dakika 20 mafuta yote, mlio haukuyumba.

Turudi kwenye mpira wangu. Nilikuwa nimeununua mwaka uliopita dukani mjini, elfu 55, kwenye pakiti yenye maandishi yanayofanana sana na ya asili. Mzee aliupasua kwa wembe kwa urefu. Nje ulikuwa mzima, mweusi, unang'aa. Ndani kulikuwa na ngozi nyembamba iliyobanduka na kukunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Mafuta yakienda polepole, ngozi inalala ukutani na yanapita. Ukifungua yote, mashine inavuta kwa nguvu, ngozi inasimama na kuziba njia. Ndiyo maana boti tupu haikuonyesha kitu: haikuhitaji kufunguliwa muda mrefu. Mashine ya ukubwa huu ikivuta mzigo hunywa lita 15 hadi 20 kwa saa, na tundu lile halikuweza kupitisha hizo.

Kilichonitisha zaidi ni alichosema wakati anakunja wembe. Mipigo miwili hupata oili yake kutoka ndani ya petroli, sisi tunachanganya moja kwa hamsini, yaani mililita 400 kwa jerikeni la lita 20. Ikikosa petroli inakosa na oili, halafu inakuwa moto. Kumbe tungeendelea, yule fundi wa pistoni angepata kazi yake.

Sasa vitu vyenyewe. Mpira wa asili nilimtuma kijana Kampala, ukanigharimu 230,000 na kipira chake na viungio viwili. Tofauti unaisikia mkononi: ukuta mnene, ukiukunja haufanyi kona, na kipira hukaza baada ya kuminya mara nne au tano kikabaki hivyo. Mshale uliochorwa juu yake uelekee kwenye mashine, usije ukafunga kinyume. Miezi saba sasa, safari tatu hadi nne kwa wiki, na ile kuchoka haijarudi hata siku moja. Mwezi wa nne niliuchungulia ndani kwenye kiungio, bado ni laini.

Malalamiko ninayo. Klipu zilizokuja nazo zilianza kutu ndani ya wiki sita, nikaweka za chuma kisichoshika kutu. Oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia mvujo, ya kiungio cha upande wa mashine ilichakaa mapema na kuanza kunusisha petroli boti nzima, ila ni ya elfu chache. Na yeyote anayetaka kununua aangalie aina ya kiungio, kwa kuwa kila kampuni ina umbo lake na hazibadilishani.

Chujio la maji lilikuwa 140,000, la aina isiyo na jina kubwa, lenye kikombe cha plastiki chini kinachokuwezesha kuona. Hili nililinunua kwa shingo upande na ndilo limenishangaza. Petroli yetu hufika kwa majerikeni, jerikeni linapigwa na mvua, linafunikwa kwa mfuko, na maji huwa mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini mahali pale pale mpira unapovuta. Wiki ya kwanza nilimwaga nusu ya kikombe cha chai. Nilimwita muuzaji wa mafuta aje aone. Alisema ni umande.

Ubaya wake ni kikombe chenyewe. Mwezi wa tano kilipata ufa kwenye uzi wa kukazia, kwa sababu mpwa wangu alikikaza kwa spana badala ya mkono. Nimekizungushia tepu ya kuzuia mvujo lakini sikiamini, na kikombe cha peke yake sijakipata, wanataka ununue chujio zima. Pia kishikio chake ni bati jepesi, mtetemo umeshakipinda.

Mpira ningeupa tano kati ya tano kama si klipu, basi nne na nusu. Chujio tatu, mpaka nipate kikombe. Mzee wa Tchomia alinitoza elfu 40 kwa asubuhi nzima, nikaona haya nikamwongezea debe la unga.

Wa dukani alikataa kurudisha pesa, akasema mpira ulipasuliwa na mimi. Vipande viwili bado vipo nyumbani, juu ya kabati. Abiria wangu mmoja anayeuza vipuri Bunia ameahidi kunitafutia kikombe. Akikileta, nitaandika bei yake hapa.