Fremu nzuri, pua yangu: nilivyonunua miwani ya macho mtandaoni

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza kila nikiulizwa. Fremu na lenzi zake, zile zilizopunguzwa unene, vilinitoka kama nusu ya nilichotajiwa kwenye maduka ya Posta, Dar es Salaam. Ukiongeza usafiri na kodi niliyodaiwa kabla ya kukabidhiwa mzigo, nafuu inapungua, ila ipo.

Lakini si bei iliyonipeleka huko. Nilichoshwa na madukani kuchaguliwa kati ya fremu nyeusi ya mstatili na fremu nyingine nyeusi ya mstatili. Nilitaka fremu ya asetati, aina ya plastiki, ya rangi ya asali, ya mviringo, yenye mikono myembamba. Hilo la mikono ni la lazima kwangu: navaa ushungi, na mkono mnene ukiupitisha chini ya kitambaa unabana juu ya sikio mpaka ikifika adhuhuri kichwa kinagonga.

Macho yangu hayaoni mbali: kulia −4.25, kushoto −3.75 na astigmatizimu kidogo, yaani jicho halina mviringo kamili. Kwa namba hizo lenzi zinakuwa nene pembeni, kwa hiyo ukubwa wa fremu si suala la urembo tu. Tovuti zinapenda kukuuliza kama uso wako ni wa duara, wa mraba au wa moyo. Mimi ushauri huo siuoni maana yake. Uso wangu wa duara umevaa miwani ya duara na hakuna aliyezimia. Kinachoamua ni milimita, na milimita kwa kawaida zimeandikwa ndani ya mkono wa miwani uliyo nayo nyumbani. Yangu ya zamani ilisomeka 49, 20, 145. Ya kwanza ni upana wa lenzi moja, ya pili ni nafasi ya puani kati ya lenzi mbili, ya tatu ni urefu wa mkono pamoja na ile sehemu inayokunja nyuma ya sikio. Miwani ile ilinikaa vizuri, basi nikawa natafuta inayokaribia hapo na kuyapita mengine yote, hata yaliyonivutia.

Kuna moja kubwa ya 55 na 17 niliitamani sana. Hesabu ikanikatalia. Mboni zangu zimeachana milimita 63. Fremu hiyo, ukijumlisha lenzi moja na daraja la pua, inakupa 72. Maana yake kitovu cha kila lenzi lazima kisogezwe ndani milimita 4.5, na unene wote unabaki upande wa nje, unaoonekana na watu. Ya 49 na 20 inasogezwa 3 tu. Nikaiacha ile kubwa kwa walio na macho ya −1.

Huo umbali wa mboni ndio watu wengi wanaukosa. Karatasi yangu ya vipimo haikuwa nao, ilibidi nirudi kuuomba, na mtaalamu akaupima kila jicho peke yake: 31 kulia, 32 kushoto. Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu njia ya tovuti yenyewe, unashikilia kadi ya benki kwenye paji la uso mbele ya kamera, nayo programu inatumia upana wa kadi, ambao ni milimita 85.6 kwa benki zote, kukisia umbali wa macho. Ilinipa 60. Kwa lenzi zenye nguvu kama zangu, milimita 3 zinatosha kuyafanya macho yavutane na kichwa kiume, kwa hiyo ombeni kipimo hicho pale pale mnapopimwa. Jambo jingine dogo: karatasi za kwetu nyingi huandika RE (jicho la kulia) na LE (la kushoto), fomu za mtandaoni huandika OD kwa kulia na OS kwa kushoto. Na alama ya kutoa iangalieni mara mbili kabla ya kulipa.

Miwani ilipofika, rangi ilikuwa ile ile ya kwenye picha, lenzi safi, namba sahihi (nilizipeleka zikapimwe kwenye mashine, mtu asinichekee). Tatizo likawa pua. Asetati haina vile vipedi vya silikoni vinavyorekebishika. Inakalia moja kwa moja daraja la pua, na pua zetu nyingi daraja liko chini. Ukichanganya na jasho la Dar mwezi wa pili, miwani inashuka hadi kope zinagusa lenzi na mashavu yanaibeba ukicheka. Kujijaribisha kwa kamera ya simu hakukunionyesha hilo hata kidogo, kwa sababu picha ya miwani haina uzito.

Nikawaandikia wauzaji. Ile ahadi ya kurudisha bure, niliyoiona kwa herufi kubwa ukurasa wa mbele, kumbe ni kwa wateja wa nchi yao; mimi ningejilipia usafiri wa kurudisha, na lenzi zilizokatwa kwa namba zangu hawazirudishii fedha. Hapo walinikera. Waandike wazi kabla mtu hajalipa.

Aliyeniokoa ni fundi wa miwani Kariakoo. Alipasha mikono ya miwani kwa hewa ya moto mpaka asetati ikalainika, akaikunja upya ili kona ianzie pale pale sikio linapoishia, maana kiwandani ilikuwa imekunjwa mbali mno. Kisha akabandika vipedi vidogo vya silikoni puani. Ananitikisisha kichwa, anaitoa, anaipasha tena. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko nauli ya kurudisha kifurushi. Kama fremu ni ya plastiki ya TR90, hata hivyo, fundi hana mengi ya kufanya, haikunjiki hivyo. Asetati na chuma ndizo zinazosikia mkono wa fundi.

Nyongeza walizonisukumia wakati wa kulipa: kizuia mng'ao nilikichukua, kwa lenzi nyembamba ni lazima kwa sababu zinaakisi mwanga zaidi. Ile ya kuchuja mwanga wa bluu niliikataa; uchambuzi wa mwaka 2023 wa Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za afya, haukuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kwenye kompyuta.

Baadaye niliagiza nyingine duka lile lile, safari hii ya chuma yenye vipedi vyake. Imetulia tangu siku ya kwanza na ndiyo naivaa kazini. Ya asali naivaa jioni, jua likishapoa.

Ningewapa nyota nne, moja nimeiondoa kwa lile la kurudisha. Mama naye aliziona akataka, ila yeye anahitaji lenzi za progresivu, za mbali na za kusomea kwenye kioo kimoja. Hizo zinataka kupimwa kimo cha mboni ukiwa umeivaa fremu yenyewe usoni. Nikampeleka dukani.