Wathamini wawili, nyumba moja ya Mji Mkongwe

Nyota 1 kwa wa kwanza, nyota 4 na nusu kwa wa pili. Naandika kwa sababu kila ukifika wakati wa kufunga hesabu watu wanaulizana mthamini gani mzuri hapa Unguja, na jibu huwa nani rahisi, wakati urahisi ndo ulotutia hasara sisi. Majina sitaji.

Kampuni yetu ni ya familia, vitabu nashika mie. Tuna nyumba ya wageni Mji Mkongwe, milango mitatu ya maduka Darajani tunakodisha, na shamba la mikarafuu Pemba upande wa Wete. Hesabu zetu zinakwenda kwa IFRS, yaani kanuni za kimataifa za kuandika hesabu, kwa hio tunahitaji thamani ya haki, ile wahasibu tunaita fea valyu, yaani bei ambayo ungeipata siku ile ya kufunga hesabu ukimuuzia mtu anaelijua soko, yeye hana shida na wewe huna shida, hakuna anaemkimbiza mwenzake. Sio bei ulonunulia zamani, wala sio bei unayoitamani. IFRS 13 ndo inaeleza haya, inatumika tangu Januari 2013.

Basi yule wa kwanza alikuwa nafuu na ripoti kaileta siku ya nne. Ndani hakuingia! Kasimama uchochoroni, kapiga picha tatu za mlango, kaondoka. Namba ilivyokuja kubwa ami yangu kafurahi kweli, mie nikaanza kusoma nikahisi tumbo linanikata. Nyumba ya mawe na chokaa kailinganisha na fleti mpya za Fumba, tena bei zenyewe kazitoa kwenye matangazo, bei anayoomba muuzaji, sio ilolipwa. Halafu kaongeza thamani eti juu tunaweza kupandisha ghorofa mbili na mgahawa wa kutazama bahari. Jamani, Mji Mkongwe? Uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000, na ujenzi wowote lazima upitie Mamlaka ya Mji Mkongwe. Kweli kanuni inakutaka uangalie matumizi yenye faida kubwa zaidi ya jengo hata kama wewe hulitumii hivyo, lakini yawe yanawezekana, sheria inayaruhusu na pesa inarudi, sasa ghorofa ambayo kibali chake hupati inaingiaje? Na mwisho kakata asilimia 5 ya dalali, wakati udalali haupunguzwi kwenye thamani ya haki, ni gharama ya kuuza, sio sifa ya nyumba.

Wakaguzi wakairudisha ripoti nzima, na pesa tulokwisha kulipa imekwenda hivyo.

Wa pili ni bibie wa makamo, ofisi yake ndogo tu, Vuga. Kaja na tochi. Kapanda mpaka chumba cha juu kabisa, kagonga boriti moja baada ya moja, kufika kona ya karibu na msala kabonyeza ukuta kwa dole gumba, chokaa ikamwagika kama unga. Akasema, "Hapa maji yanaingia, na mnunuzi nae atapaona." Akaandika. Nikamtajia nyumba ya jirani ilouzwa rahisi mwaka jana, akaniuliza nani aliuza na kwa nini, nikamwambia warithi, mmoja alikuwa anarudi Muscat wakataka wagawane kabla hajaondoka, ikauzwa ndani ya wiki mbili. Akaiweka pembeni, mauzo ya mbio namna hio hayaonyeshi soko. Ndo nikajua nimepata mtu.

Maduka kayapima kwa kodi, kasoma mikataba yote, kauliza na majirani wanalipa ngapi na mlango ukiwa mtupu unakaa miezi mingapi. Hapo sina la kusema, kazi safi.

Karafuu ndo nilijifunza. Mikarafuu yenyewe tangu 2016 inahesabiwa kama mali ya kudumu, kama mashine, ila karafuu zilizoko mtini zina kanuni yake, mbali na ya nyumba, zinapimwa kwa thamani ya haki ukitoa gharama za kuuza. Mie nikachukua bei ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, nikaiweka ngazi ya kwanza, ile ya bei zinazoonekana wazi sokoni. Akanambia hapana baba, bei ile ni ya karafuu kavu kituoni na wewe unazo mbichi juu ya mti, bado kuchuma, kuanika, na gari mpaka kituoni, na makisio ya pishi ngapi zitatoka ni yako mwenyewe, kwa hio hio ni ngazi ya tatu, ile ya kutegemea makisio yako, na makisio hayo uyaandike watu wayaone.

Na deni pia kalipima. Tulinunua biashara ya boti Nungwi tukaahidi kumuongeza muuzaji milioni 20 baada ya mwaka kama mapato yatavuka kiwango, na kwenye vitabu tuliandika sifuri kwa vile hatujui kama yatavuka. Kakaa na rekodi za misimu ilopita, kapata uwezekano wa asilimia 60, hio milioni 12, kairudisha nyuma mwaka mmoja kwa riba ya asilimia 18, maana pesa ya mwakani haina thamani ya pesa ya leo, ikabaki kama milioni 10.17. Na hio riba imebeba pia hatari ya sisi wenyewe kushindwa kulipa.

Ubaya wake? Bei mara mbili na zaidi ya yule wa kwanza, kachelewa siku tisa, na ripoti yote Kiingereza, ami hakuambua kitu. Nikampigia, akaja mwenyewe akakaa barazani. Ami akamwambia, "Bibie, mbona umenishushia nyumba yangu?" Akamjibu, "Mzee wangu, nyumba nzuri, wallahi nimeipenda, lakini mnunuzi atatoa pesa ya paa, na ghorofa asoruhusiwa kujenga hatoilipia." Ami kanyamaza, halafu akaagiza kahawa.

Wakaguzi waliuliza suali moja tu, kwa nini asilimia 18 na sio 16, akaja na makaratasi yake akawajibu wakaridhika, na siku ile hakututoza. Nusu nyota nimeikata kwa zile siku tisa.