Somo la Jumamosi Kuhusu Nishati na Maada: Ubao Ulishinda Tangazo

Nililipa shilingi 1,000 kuhudhuria somo la fizikia la Jumamosi alasiri katika kituo kimoja cha masomo ya ziada kilicho ghorofani, karibu na Barabara ya Moi, kwa kuwa tangazo lake liliahidi kwamba tungeona maada ikizaliwa kutokana na nishati. Tulianza dakika 40 baada ya saa iliyotajwa, na baadhi yetu tulisimama kwa uhaba wa viti.

Hata hivyo, mwalimu ni hodari. Hakuupamba mlinganyo wa Einstein wa 1905, ule wa E = mc² unaosema kwamba maada na nishati hubadilishana, bali aliufanyia hesabu ubaoni: elektroni iliyotulia ni sawa na nishati ya kiloelektronivolti 511 (elektronivolti ni kipimo kidogo sana cha nishati, na kilo ni elfu yake), na kwa kuwa chaji ya umeme haizuki hivi hivi, elektroni haizaliwi peke yake bali huja na pacha wake mwenye chaji chanya, positroni. Kwa hiyo mwali wa gama, yaani mnururisho wenye nishati kubwa, ukitaka kugeuka kuwa mapacha hao sharti uwe na kiloelektronivolti 1,022. "Hiyo ndiyo nauli," alisema, "na konda huyu hapokei 1,021, ukizidisha, chenji ni mwendo wa hao mapacha." Kijana wa Kidato cha Nne akauliza, "Mwalimu, mbona basi jua halijazi elektroni humu ndani?" Akajibiwa kwamba fotoni, yaani chembe moja ya mwanga tunaouona, hubeba elektronivolti 2 au 3 hivi. Lililonifaa zaidi ni kuelewa kwamba hata mwali wenye nauli kamili haugeuki ukiwa peke yake katika ombwe; lazima kiini cha atomu kiwe karibu kipokee sehemu ya momenta (msukumo wa kitu kilicho mwendoni), la sivyo hesabu haifungi.

Kasoro iko kwenye onyesho. Ndani ya kasha la kioo lenye mvuke wa alkoholi juu ya barafu kavu tuliona michirizi minene na mifupi ya chembe za alfa (viini vya heli vinavyotoka kwenye vitu vyenye mionzi), na mingine myembamba iliyonyooka ya mioni, chembe zinazofanana na elektroni ila nzito zaidi, kutoka angani. Ilipendeza, ila haikuwa maada ikizaliwa. Carl Anderson aliitambua positroni mwaka 1932 kwa sababu chumba chake cha mvuke kilikuwa ndani ya uga wa sumaku, ambamo njia yake ilipinda kinyume na ya elektroni. Kasha letu halikuwa na sumaku yoyote. Tulipombana, mwalimu alikiri hivyo bila kinyongo, basi tangazo nalo lirekebishwe.

Nimeshalipia somo lijalo, kuhusu positroni na elektroni zinavyoangamizana na kutoa miali miwili ambayo mashine za PET, zinazopiga picha za ndani ya mwili hospitalini, huinasa. Atakayekuja awahi kiti cha mbele, maana kasha lile halizidi kisanduku cha viatu.