Washa za chuma cha pua kwa bushi za nyuma za Lotus Elise: uzoefu wangu

Seti niliyonunua kwa ajili ya Elise yangu, gari dogo la michezo, ina washa (pete bapa za chuma) 16, za nyuma tu. Kila upande una wishiboni mbili (mikono inayounganisha gurudumu na shasi), kila wishiboni ina bushi mbili (mpira uliozunguka bomba la chuma la kupitishia bolti), na kila bushi inakaa katikati ya washa mbili. Naipa nyota nne. Ya tano imekwama kwenye karatasi ya maelekezo: mstari mmoja unaosema toa za zamani, weka mpya. Anayeamini karatasi hiyo atakwama kwenye bolti ya kwanza.

Kabla ya kuagiza, chunguza bushi zenyewe. Ingiza mtaimbo mwembamba kati ya wishiboni na sikio la shasi (bamba lenye tundu linaloshika bolti), sukuma taratibu huku ukimulika na tochi. Mpira ukicheza kidogo na kurudi, bado mzima. Ukiona umeachana na bomba la chuma la katikati, au una ufa unaozunguka, nunua bushi na washa pamoja, maana kazi ya kufungua ni ileile na hakuna sababu ya kuifanya mara mbili. Washa mpya hazifufui bushi iliyokufa.

Za zamani zilikuwa za chuma kilichopakwa zinki. Zinki ikiisha kutu huanza, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza. Washa inavimba, inabanduka magamba kama gome la mti, na magamba yale yanatafuna ukingo wa mpira. Dalili yake ni mlio wa kukwaruza nyuma gari linapopanda tuta polepole. Ukienda kasi hausikiki, ndiyo maana wengi huchelewa kuugundua.

Seti ikifika, ipime kwa vernia (kipimo cha sehemu za milimita) washa moja moja: tundu, kipenyo cha nje, unene. Kwenye yangu mbili zilizidi wenzake kwa 0.2 mm, nikazirudisha na muuzaji akatuma nyingine bila ubishi. Unene una maana kubwa hapa. Washa nene mno haziingii bila kugongwa. Nyembamba mno zinaacha mwanya, na ukikaza bolti unavuta masikio yakaribiane; hayapendi kukunjwa. Kagua pia kingo. Washa iliyokatwa kwa presi ina upande mmoja wa mviringo na mwingine mkali. Wa mviringo uelekee kwenye mpira.

Kabla ya kuinua gari, likiwa limesimama sakafuni kwenye usawa, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote mbili, na uandike namba. Utazihitaji mwisho. Kisha inua kwa sehemu zilizotengwa tu, weka stendi, toa gurudumu. Shikilia habu (kitovu cha gurudumu) kwa jeki ya pili ili uzito usining'inie kwenye paipu ya breki. Fungua bolti ya chini ya shokomzoba. Baada ya hapo shughulikia wishiboni moja, imalize, ndipo uguse nyingine. Ukiziachia zote kwa pamoja habu inazunguka ovyo na kupanga matundu upya kunakula muda kuliko kazi yenyewe. Vibamba vyembamba vinavyorekebisha kemba (mwinamo wa gurudumu) kwenye habu visiguswe kabisa.

Shida halisi ni bolti kugandia ndani ya bomba la bushi. Zungusha kichwa cha bolti kidogo tu huku ukitazama mpira. Mpira ukijipinda pamoja na bolti, acha hapohapo: bomba limeshikana na bolti, na ukiendelea unachana bushi nzima. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, yaache usiku kucha, kisha jaribu kuzungusha mbele na nyuma kwa mizunguko mifupi. Ikikataa, pitisha msumeno wa chuma kwenye washa ya zamani, kati ya bushi na sikio, ukate bolti pande zote mbili. Funika sikio kwa kipande cha bati. Moto usiutumie kabisa. Shasi kuu ya Elise, tangu gari hili lilipotoka mwaka 1996, ni vipande vya alumini vilivyounganishwa kwa gundi ya epoksi, na joto la tochi ya gesi linailegeza gundi hiyo. Agiza bolti na nati mpya tangu mwanzo. Nati zenye nailoni hazirudiwi.

Chuma cha pua kina jambo ambalo muuzaji hakulitaja. Zinki ya washa za zamani ilikuwa ikijitoa mhanga kulinda masikio. Chuma cha pua hakifanyi hivyo. Kikigusana na alumini au zinki penye maji ya chumvi, kinacholiwa ni hiyo alumini au zinki. Nilisafisha masikio kwa brashi laini, nikapaka utando mwembamba wa pesti ya kuzuia kugandia, isiyo na shaba, upande wa shasi na kwenye shina la bolti. Upande wa mpira niliacha mkavu, kwani grisi ya petroli huvimbisha mpira.

Kurudisha ni rahisi, isipokuwa kukaza. Bushi hizi mpira wake umegundishwa kwenye chuma, kwa hiyo hauzunguki; unajipinda. Ukikaza wishiboni ikiwa inaning'inia, gari likishuka mpira unabaki umepindwa muda wote, unachanika mapema na gari linakaa juu kuliko kawaida. Kaza kwa mkono kwanza, kisha inua habu kwa jeki mpaka ile namba ya madigadi irudi. Hapa wepesi wa gari unakuwa kero: mara nyingi gari zima huondoka kwenye stendi kabla springi haijabonyea vya kutosha. Usilazimishe. Rudishia magurudumu, lishushe gari juu ya njia za mbao zilizo imara, lisukume mbele na nyuma kidogo litulie, ndipo ukaze kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha modeli yako.

Upande wa kwanza ulichukua saa nne, wa pili saa moja na nusu. Mlio umekwisha. Uendeshaji haukubadilika, na yeyote anayekuahidi kona kali zaidi kwa ajili ya washa anakuuzia maneno. Fanya alaimenti (kupanga mwelekeo wa magurudumu) baadaye, maana wishiboni ikisogea hata milimita moja mwelekeo wa tairi za nyuma hubadilika, na gari lenye injini nyuma ya siti huonyesha kosa hilo upesi kwenye breki. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye sikio. Baada ya kilomita 200 chungulia na tochi kama mistari bado imenyooka.