Prosesa ya kuipa nguvu kompyuta ya zamani: ipi itakubali, ipi itagoma

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kwa mtumba Kariakoo au Luthuli Avenue zilianza kazi kwenye ofisi za nje: Dell OptiPlex, HP Compaq, EliteDesk. Nyingi huja na prosesa (CPU) za Intel za i3 au Pentium. Mwenyewe akishaongeza RAM na kuweka SSD, macho yanahamia kwenye prosesa. Dukani ataulizwa swali moja tu: "Soketi gani?" Swali zuri (soketi ni mahali prosesa inapokaa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta), ila halitoshi. Prosesa inaweza kukaa kwenye soketi sawasawa, kishikio kikafunga, na mashine isiwake.

Soketi inakuambia kama prosesa itaingia. Kama itafanya kazi, hilo linaamuliwa na chipseti ya mazabodi (chipu inayoisimamia bodi) pamoja na BIOS iliyomo (programu ya kuiwasha mashine). Mfano mzuri ni OptiPlex 790 na OptiPlex 7010. Zote ni soketi LGA 1155, na kwa nje mtu asiyezizoea hawezi kuzitofautisha. Lakini 790 ina chipseti ya Q65, na Intel haikuziruhusu Q65, Q67 na B65 kubeba prosesa za kizazi cha 3 (zile ambazo namba yake inaanza na 3, kama i7-3770). Kwa hiyo i7-3770 itafanya kazi kwenye 7010 yenye Q77, na kwenye 790, 990 au HP Compaq 8200 Elite itagoma. Hizo mwisho wake ni i7-2600 ya kizazi cha 2. Cha kuchekesha ni kwamba OptiPlex 3010, iliyotengenezwa kwa ajili ya wenye bajeti ndogo, ina H61, na hiyo inakubali kizazi cha 3 bila ubishi.

Basi kabla ya kutoa hela, jua jina la bodi yako. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, utaona modeli ya mashine, bodi na toleo la BIOS. Programu ya bure ya CPU-Z inaonyesha na chipseti. Kwenye Linux tumia dmidecode. Kama bodi ni ya ASUS, Gigabyte, MSI au ASRock, fungua tovuti ya mtengenezaji, tafuta bodi hiyo kwa jina lake kamili, kisha usome orodha ya prosesa inazozikubali. Mbele ya kila prosesa kumeandikwa toleo la BIOS linalohitajika, na safu hiyo ndiyo watu wanairuka. Kwa Dell na HP, angalia ni prosesa zipi modeli hiyo iliuzwa nazo kiwandani. Zilizo kwenye orodha hiyo hazina mashaka.

Sasa chaguo zenyewe, kuanzia ile ningeinunua kwanza.

1. Ryzen 5 5600 au 5600G, kwa bodi ya AM4

Ukiwa na bodi ya AM4 (soketi ya prosesa za AMD) yenye Ryzen ya 2017 au 2018, una bahati kuliko wote. AMD iliitunza soketi hii miaka mingi, na mwaka 2022 ikafungua njia kwa Ryzen 5000 hata kwenye A320, B350 na X370, mradi mtengenezaji wa bodi awe ametoa BIOS yake. Kama yako ina kore nne (vitengo vya kuchakata), unafika sita kwenye bodi ileile, kwa wati 65.

Pandisha BIOS wakati prosesa ya zamani bado iko ndani. Ukiitoa kwanza, bodi haitaitambua mpya na hutakuwa na njia ya kuisasisha, isipokuwa bodi chache zenye kitufe cha kusasisha bila prosesa. Jambo la pili: 5600 haina ndani yake sehemu ya kutoa picha kwenye skrini, inahitaji kadi ya picha. Kama ulikuwa unatumia Ryzen 3 2200G na waya wa HDMI umechomekwa kwenye bodi, ukiweka 5600 skrini itabaki nyeusi, na fundi atahangaika na RAM bure. Wewe chukua 5600G. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker (ulinzi wa Windows wa kufunga diski), hifadhi ufunguo wa kurejesha kabla ya kubadilisha.

Imeshika namba moja kwa sababu nyingine pia: ndiyo pekee hapa inayokufikisha Windows 11 kihalali. Microsoft inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Zinazofuata zitakupa kasi, lakini hilo hazitalitatua.

2. i7-4770 au i7-4790, kwa LGA 1150

OptiPlex 3020, 7020 na 9020, HP EliteDesk 800 G1 na wenzake. Hapa chipseti hazisumbui. 4790 ilitoka 2014, hivyo bodi yenye BIOS ya 2013 itaitaka isasishwe; 4770 inawaka bila hilo, na tofauti ya kasi kati yao hutaihisi. Yenye herufi K mwishoni (ya kuongezwa kasi kupita ya kiwandani) achana nayo: kwenye H81 au Q87 utakuwa umelipia uwezo usioutumia.

3. i7-3770 au i5-3470, kwa LGA 1155

Q77, Q75, B75 na H61, kwa masharti niliyoyataja juu. Wati 77. Kwa mtu wa Word, Excel na kivinjari, i5 inatosha.

4. i7-6700 au i7-7700, kwa LGA 1151 ya mwanzo

Nzuri, lakini ndizo za mwisho kwa bodi hizo, wengi wanazitaka, na wauzaji wanalijua hilo. Linganisha kwanza na bei ya mashine nzima ya kizazi cha 8. Na usinunue i5-8400 kwa sababu tu umeona 1151 kwenye maelezo yake. Vizazi vya 8 na 9 vilihitaji chipseti za mfululizo wa 300. Kwenye H110 au B250 haziwaki.

5. Xeon E3

Hizi ni prosesa za Intel za seva. E3-1230 v2, ya LGA 1155, huvutia kwa bei, lakini haina picha, na kompyuta nyingi za ofisi hazina kadi ya picha. Toleo la v5 ni baya zaidi: soketi ni ileile ya 1151, ila H110 na B150 haziikubali.

Mwenye kasha dogo la kiganjani, lenye chaja kama ya laptopu, atafute prosesa yenye herufi T ya wati 35. Kile kifeni na chaja ile vilipimwa kwa ajili yake.

Ukiwa dukani, geuza prosesa. Ya Intel tazama vidoti vya dhahabu visiwe vimekwaruzwa au kuungua. Ya AM4 tazama pini zote zimesimama. Juu ya bati, Intel ya kawaida ya vizazi hivi ina namba inayoanza na SR. Ukikuta neno "CONFIDENTIAL", hiyo ni ya majaribio ya kiwandani, irudishe mezani. Mwombe muuzaji aiwashe ukiwepo, na kwenye risiti aandike jina la prosesa, namba yake na siku za kuirudisha ikigoma kwenye bodi yako.