Ndege wawili wa Taita: yupi yuko karibu zaidi kutoweka?

Juu ya tambarare za Voi, kwenye vipande vya msitu vilivyobaki Milima ya Taita, Kenya, wanaishi ndege wawili wasiopatikana kwingine duniani: Turdus helleri (kwa Kiingereza Taita thrush) na apalisi wa Taita (Taita apalis).

Turdus ndiye mkubwa. Kichwa na kifua cheusi, ubavu wa rangi ya kutu, mdomo wa chungwa unaong'aa. Hutafuta chakula chini, akipekua majani makavu kwenye kivuli kizito, na msitu ukivurugwa huondoka. Makadirio ya miaka ya 1990 yalimweka karibu ndege 1,350, wengi wao katika msitu wa Mbololo, wachache katika misitu ya Ngangao na Chawia.

Apalisi ni kadogo, kana mkia mrefu na koo jeusi, na hula wadudu vichakani. Huvumilia pembezoni na uwazi mdogo msituni, kwa hiyo ungedhani ana nafuu. Sivyo! Kiota chake hukaa chini kwenye vichaka, na mayai na makinda huliwa mara nyingi mno. Orodha Nyekundu ya IUCN, inayopanga viumbe kwa hatari ya kutoweka, inamweka ngazi ya mwisho kabla ya kutoweka porini, huku Turdus akiwa ngazi moja nyuma yake.

Kwangu mimi, apalisi atangulie kuokolewa. Turdus bado ana ngome Mbololo. Apalisi amesambaa kwenye vipande vidogo kama Vuria na Msidunyi, ambako kukatwa kwa vichaka vichache tu ni kupoteza makazi ya jozi nzima. Vipande hivyo viunganishwe kwa miti ya asili, si mikaratusi.