Tahadhari Nakuru: anayeuza "kifurushi cha faragha" kwa 1,500 anaondoka na paswadi zenu

Wadau wa Nakuru, Njoro na Molo, hasa wenye saiba na ofisi ndogo ndogo, kuna kijana anapita mlango kwa mlango akiuza kitu anachokiita kifurushi cha faragha. Shati limepigwa pasi, kadi inaning'inia shingoni, mkoba wa laptopu begani, na maneno ni matamu. Anatoza shilingi 1,500 kwa kompyuta moja kwa mwaka. Ukiwa na mashine tano anakushushia hadi 6,000, na ukisitasita anakwambia mwenye saiba wa jirani ameshalipa. Pesa zinatumwa kwa namba ya simu, si kwa till, na jina linalotokea kwenye ujumbe wa M-PESA si lile alilojitambulisha nalo.

Ahadi zake ni kwamba matangazo yatatoweka, kurasa zitafunguka haraka, wezi wa mtandaoni hawatakuona, na tovuti za serikali hazitakwama tena. Hilo la matangazo ni kweli. Matangazo hupungua siku hiyo hiyo, na ndiyo maana watu wanamsifu na kuelekezana kwake.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa mjini. Mashine alizozigusa zilianza kufika mezani kwangu msimu wa ritani za kodi, na haishangazi. Tarehe 30 Juni ndiyo mwisho wa mtu binafsi kuwasilisha ritani ya mwaka uliopita, kwa hiyo foleni kwenye saiba zinafika barabarani, na mwenye saiba atalipia chochote kitakachompunguzia sekunde mbili kwa kila mteja. Mama mmoja wa Njoro aliniletea CPU yake kwa sababu ya feni tu, akanionya kabla sijaiwasha: "Fundi, hiyo imewekewa ulinzi, usiuguse." Nikamwomba, "Mama, niruhusu niutazame tu." Tulichokiona hakikuwa ulinzi.

Kinachouzwa ni viendelezi, zile programu ndogo zinazopachikwa ndani ya kivinjari kama Chrome au Firefox. Vile vizuri havina bei. Kuzuia matangazo ni bure, kuzuia wanaokufuatilia ni bure. Sasa, sisemi fundi asitoze kazi yake. Mtu akikuwekea kiendelezi halali, akakuonyesha jina lake na mahali alipokitoa, kisha akachukua mia mbili ya jasho, sina neno naye, hata mimi natoza. Lakini huyu anauza kitu cha bure kama leseni ya mwaka, na alichoweka si hata kile cha bure. Mmeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mbinu yake ya kwanza ndiyo iliyonishtua, kwa sababu haihitaji virusi hata kidogo. Anafungua Chrome, anaingia kwa akaunti ya Gmail aliyoitengeneza yeye, na kuwaambia kwamba hiyo ndiyo "akaunti ya leseni". Kisha anawasha usawazishaji (sync). Tangu hapo, paswadi zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye kivinjari kile, historia na alamisho, pamoja na zitakazohifadhiwa kesho, zinapanda kwenye akaunti yake. Anaweza kukaa popote, afungue akaunti yake mwenyewe na kuzisoma. Antivirusi haitapiga kelele kwa sababu hakuna kilichovunjwa. Chrome imefanya kazi yake kama ilivyoagizwa.

Fikirieni ni nini kinachopita kwenye kompyuta ya saiba kwa wiki moja. Kuna iTax ya kodi, eCitizen ya huduma za serikali, mkopo wa HELB wa wanafunzi, maombi ya nafasi za vyuo ya KUCCPS ya watoto waliomaliza kidato cha nne, barua pepe za watu wazima wasiojua hata kutoka kwenye akaunti zao. Mteja anaketi, mhudumu anabonyeza "hifadhi paswadi" bila kuwaza, na mteja anaondoka. Ukiiba paswadi ya nyumbani umemwibia mtu mmoja. Hapa unaibia kata nzima.

Kwa hiyo anzeni hapo. Tazameni picha au herufi iliyo ndani ya duara, juu kulia kwenye Chrome. Bonyezeni, msome anwani ya barua pepe inayotokea. Kama si yenu, mmeshapata jibu, hamhitaji fundi.

Mbinu ya pili ni ya kumzuia mwenye kompyuta asitoe kilichowekwa. Kwa kawaida kiendelezi chochote kina kitufe cha kukiondoa. Kwenye mashine hizi kitufe hakifanyi kazi, na Chrome inaandika kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika lako. Shirika gani, na wewe unauza fotokopi? Hizi ni sera ambazo kampuni kubwa hutumia kudhibiti kompyuta za wafanyakazi. Mtu aliyepewa mamlaka ya msimamizi kwenye Windows anaweza kuziandika kwa dakika moja, na kiendelezi kikawa kinarudi kila ukikifuta. Andikeni chrome://policy pale pa anwani na mbonyeze Enter. Mkikuta mstari wenye jina ExtensionInstallForcelist, kuna kiendelezi kilicholazimishwa. Nisiwatie hofu bure, kompyuta ya kazini au ya shule inaweza kuwa na sera halali, na baadhi ya antivirusi huweka zao. Lakini kwa kompyuta uliyonunua mwenyewe mtumba pale mjini na kuiweka dukani, sera hiyo ina mwenyewe, na si wewe.

Ya tatu ni viendelezi vinavyotoka kwenye flashi. Anawasha hali ya wasanidi programu (Developer mode) kwenye ukurasa wa chrome://extensions, kisha anapakia folda iliyo ndani ya kompyuta. Kitu hicho hakijapita duka lolote, hakijakaguliwa na yeyote. Kwenye mashine ya yule mama folda ilikuwa imefichwa, na kiendelezi kilikuwa na ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yote kwenye tovuti zote. Ruhusa hiyo peke yake si dhambi, maana hata vizuia matangazo halali huihitaji ili vifanye kazi. Tatizo ni nani umempa. Aliye nayo anaona unachoandika kwenye fomu kabla hakijatumwa, kufuli la https lipo au halipo, kwa sababu yeye yuko ndani ya kivinjari na si njiani. Alikuwa pia amekiruhusu kufanya kazi kwenye hali fiche (Incognito), jambo ambalo Chrome huliacha limezimwa mpaka mtu aliwashe kwa mkono wake.

Wenye Firefox atawaambia ni ya kizamani na kuwahamishia Chrome. Sababu ni nyepesi: Firefox ya kawaida inakataa kusakinisha kwa kudumu kiendelezi ambacho hakijatiwa saini na Mozilla. Ujanja wake wa flashi unagonga ukuta.

Kuna dalili nyingine ya kumpima mtu kama huyu kabla hajagusa kipanya. Kwenye karatasi yake ya bei ameorodhesha HTTPS Everywhere kama sehemu ya kifurushi. Kiendelezi hicho, cha kulazimisha tovuti zifunguke kwa https, ile njia yenye kufuli, kilikuwa cha kweli, cha Electronic Frontier Foundation ya Marekani, lakini wenyewe walikistaafisha Januari 2023 kwa sababu vivinjari vimejengewa kazi hiyo ndani. Mnaiwasha kwenye mipangilio ya usalama, bila senti. Anayewauzia leo anauza jina la marehemu. Pia anadai kuweka "kiendelezi cha Chrome" kwenye simu za Android. Chrome ya Android haipokei viendelezi. Kwa hiyo alichoweka kwenye simu yako, ile yenye laini ya M-PESA, ni programu nyingine kabisa aliyoileta yeye. Nendeni kwenye orodha ya programu leo, muangalie pia zilizopewa ruhusa ya ufikivu (Accessibility) na za kusoma SMS.

Najua kuna atakayesema basi nitajipakulia mwenyewe dukani, yameisha. Hayajaisha. Mwaka 2018 kampuni ya AdGuard ilifichua vizuia matangazo vya bandia ndani ya duka la Chrome lenyewe, vyenye majina ya kufanana na vile maarufu, vikiwa vimepakuliwa na watu zaidi ya milioni 20 kabla Google haijaviondoa. Na hata kizuri huweza kuuzwa. The Great Suspender kilikuwa kikipendwa na wenye kompyuta zenye RAM ndogo, maana kilikuwa kikizilaza kurasa usizozitumia. Mwaka 2020 aliyekitengeneza alikiuza kwa mtu asiyejulikana, na Februari 2021 Google ikakizima kwa sababu kilikuwa na msimbo mbaya. Watumiaji hawakuwa wamefanya lolote, kilijisasisha chenyewe. Kila kiendelezi unachokiongeza ni mtu mwingine unayemkabidhi funguo, kwa hiyo viwe vichache. Viwili vitatu vinatosha kabisa.

Nikiulizwa ninachoweka kwenye mashine za wateja, jibu halibadiliki. Kwenye Firefox naweka uBlock Origin ya Raymond Hill. Ni bure, msimbo wake uko wazi, na mwenyewe hapokei hata michango, kwa hiyo anayewaomba pesa kwa jina hilo ni tapeli moja kwa moja. Angalieni neno Origin, kwa sababu kuna kingine kinaitwa uBlock tu na kilishatoka mikononi mwake tangu 2015. Kwenye Chrome uBlock Origin yenyewe haikubaliwi tena baada ya Google kubadilisha kanuni za viendelezi, basi tumieni uBlock Origin Lite. Kina nguvu kidogo kuliko kaka yake, lakini kwa kazi za saiba kinatosha, na mtaona bando linakaa zaidi kwa sababu video za matangazo hazipakuliwi. Anayejali sana kufuatiliwa aongeze Privacy Badger, ya hao hao Electronic Frontier Foundation. Kwa kutunzia paswadi zako binafsi kuna Bitwarden, na toleo lake la bure halina ukomo wa idadi ya paswadi. Kwenye mashine za wateja zimeni kabisa kuhifadhi paswadi. Kwenye simu, Firefox ya Android inapokea uBlock Origin vizuri.

VPN za bure za kupachika kwenye kivinjari, zile zinazopitisha intaneti yako kwenye mashine za wengine, siziweki, hata mteja akisisitiza. Moja yao, Hola, ilibainika mwaka 2015 kuwa ilikuwa ikiuza njia ya intaneti ya watumiaji wake kwa wengine, kwa hiyo mtu asiyemjua angeweza kupita mtandaoni akionekana ni wewe. Huyu kijana anatoa "VPN ya maisha" kama nyongeza. Kataeni.

Kwa waliokwisha kulipa, mpangilio wa hatua una maana. Msibadilishe paswadi kwenye mashine hiyo hiyo, mtakuwa mnamwandikia upya. Ichomoeni kwenye intaneti, mchukue simu au kompyuta ambayo hajawahi kuigusa. Anzeni na barua pepe, kwa sababu ndiyo inayorejesha paswadi za vingine vyote, kisha eCitizen, iTax na benki. Popote penye chaguo la kutoka kwenye vifaa vyote, bonyezeni. Kiendelezi kibaya huweza kuiba kikao kilicho wazi, yaani akaunti ambayo umeshaingia na hujatoka, na aliye na kikao hahitaji paswadi yako mpya. Washeni uthibitishaji wa hatua mbili. Baada ya hapo ndipo mrudi kwenye mashine: piga picha ukurasa wa viendelezi, ukurasa wa sera na ile anwani ya Gmail, kisha futa wasifu (profile) wake wote kwenye Chrome. Kama sera zinarudi, usihangaike nazo, sakinisha Windows upya. Na mkishaingia kwenye akaunti yenu ya Google, hakikisheni hakuna kiendelezi cha dukani alichokuwa amekiweka humo, kwa sababu usawazishaji utakirudisha.

Wenye saiba, hili si la aibu yenu peke yenu. Data ni ya wateja. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayeamua namna data za watu zinavyotumika amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue zimefikiwa na asiyeruhusiwa, pale wenye data wanapokuwa hatarini. Wateja mnaowafahamu waambieni wabadilishe paswadi. Ni afadhali wakununie kuliko wajue kutoka kwa mtu mwingine. Polisi pia waripotiwe: kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini na kunasa data yake ni makosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Ombeni namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha kituo, mwambatanishe ujumbe wa M-PESA na zile picha. Ujumbe huo msiufute hata kama 1,500 mmeshazisamehe, maana jina la M-PESA ndilo lenye kitambulisho nyuma yake.

Mara ya mwisho nilisikia ametajwa Section 58 na Free Area, na mteja mmoja ananiambia binamu yake Kisumu, upande wa Kondele, ametembelewa na mtu mwenye karatasi ya bei inayofanana na hii. Sijui kama ni yeye au ni kundi. Akifika kwako mwambie akuonyeshe, kwenye duka rasmi la kivinjari, jina la kila kiendelezi anachotaka kuweka, na akiweke ukiwa umeketi wewe kwenye kiti, yeye amesimama.